Hamsocn: kumfuata mtu nyumbani kwake kwa shari

Mkuu, umeuliza kama katika sheria ya kale ya Uingereza kuvamia nyumba ya mtu bila kuiba lilikuwa kosa. Lilikuwa kosa zito, na lilikuwa na jina lake: hamsocn.

Nilianza kulifuatilia baada ya yaliyompata mama yangu. Watu wanne wenye ugomvi wa shamba na mdogo wangu walivunja mlango wa mama mchana kweupe, wakamburuta kijana kutoka uvunguni na kumpiga. Hawakuchukua hata kijiko. Kituoni likaandikwa shambulio, na uharibifu wa mali: mlango mmoja. Mama akauliza, "Na kuingia chumbani kwangu je?" Hakujibiwa.

Waingereza wa kale wangemjibu. Kwenye sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, mnamo mwaka 600, wa kwanza kuingia kwa nguvu katika boma la mtu alilipa shilingi 6, wa pili 3, kila aliyefuata 1. Kosa ni kule kuingia. Mfalme Alfred naye aliweka faini kwa cheo cha mwenye nyumba: ngome ya mfalme shilingi 120, uzio wa mtu wa kawaida 5, na hapo kwa kweli simkubali. Mfalme Edmund (939–946) akakaza zaidi: mwenye kutenda hamsocn anapoteza mali yote, na uhai wake uko mikononi mwa mfalme. Kufikia enzi za Mfalme Henry I, hata kumkimbiza mtu hadi akaingia kinuni au kwenye zizi la kondoo kulihesabiwa kuwa hamsocn.

Baadaye kosa lile likagawanyika. Kipigo kikaenda kwenye shambulio, na kuvunja nyumba kukabaki na masharti ya usiku na nia ya kutenda kosa kubwa ndani. Scotland ndiyo iliyolishikilia, na hadi 1887 mtu aliweza kuhukumiwa kifo kwalo. Sheria yetu ya adhabu, tuliyoachiwa na Mwingereza, nayo inauliza mvunjaji alikusudia nini, na ilikuwa usiku au mchana. Mwenye nyumba alivyodhalilishwa, hilo haiulizi.

Nilipomsimulia mama zile shilingi za Kent, alinyamaza, akahesabu kwa vidole: sita, tatu, moja, moja.

"Kumi na moja," akasema. "Wangeniomba radhi kwa shilingi kumi na moja, basi, lakini ningejua nimeombwa."