Maswali Yenu: Kila Nikipiga Simu Kujitoa, Naimbiwa Muziki

Wiki mbili zilizopita niligusia, kwa sentensi moja tu, dakika 38 nilizokaa simuni nikitaka kukata intaneti ya nyumbani. Sikujua nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika, na nyingi zinafanana mpaka nikashuku mmenakiliana. Nimechagua chache. Kwa mgeni wa safu hii: kabla sijaanza kuandika nilifanya kazi miaka miwili katika kituo cha simu kando ya Mombasa Road, kwenye meza ya wateja wanaotaka kuondoka. Nikiwasema hao, najisema na mimi.

Mzee, nilihama Donholm mwezi wa Machi nikaja Ruaka. Huku waya wa kampuni yangu ya waifai haujafika. Nimepiga simu mara sita kukata huduma. Kila mara naambiwa "ombi lako limepokelewa", na bili bado zinakuja. Nifanyeje? – Aliyehama, Ruaka

Umepiga mara sita. Umeandika mara ngapi? Najua jibu, kwa sababu kati ya barua zote nilizopokea, ni mtu mmoja tu aliyesema aliandika, na huyo hakuwa na shida. Alitaka tu kunipongeza.

Ngoja nikueleze kinachotokea ukipiga. Anayepokea kwanza hana uwezo wa kukukata. Hata angetaka, kwenye kompyuta yake kitufe hicho hakipo. Anakusukuma kwenye meza ya pili, na hapo ndipo muziki unapoanza. Ile meza ya pili, yangu ya zamani, kazi yake si kukuhudumia. Kazi yake ni kukubakiza, na mwisho wa mwezi mfanyakazi hupimwa kwa idadi ya waliobaki. Tulipewa karatasi ya maneno: kwanza muulize sababu, kisha mpe punguzo, akikataa mpe mwezi wa bure, akikataa tena mwambie "basi tusimamishe kwa muda tu". Hiyo ya mwisho ndiyo mtego. Kusimamisha si kukata. Miezi miwili ikipita huduma inaamka yenyewe na bili inaamka nayo. Nadhani wewe uliambiwa hivyo ukaitikia "sawa" ili umalize, maana mtoto alikuwa akilia au kredo ilikuwa inaisha.

Na kuna jambo ambalo sijapata kulisema hadharani. Kwetu, simu ikikatika kabla fomu ya kuondoka haijajazwa, mteja alihesabiwa kuwa amebaki. Sasa jiulize mwenyewe kwa nini simu hizi hukatika sana.

Kwa hiyo leo, si kesho, kaa uandike baruapepe. Weka jina lako kama lilivyo kwenye akaunti, nambari ya akaunti, nambari ya simu uliyojisajilia, na sentensi moja isiyo na kona: "Nasitisha mkataba wangu kuanzia tarehe fulani." Usiandike "ningependa kuomba" wala "nafikiria". Huombi, unaarifu. Taja tarehe za zile simu sita, kwa sababu historia ya simu yako inazo. Dai nambari ya kumbukumbu. Uliza pia ruta irudishwe wapi, maana kwa kawaida ruta ni mali yao, na ukiondoka nayo Ruaka watakuwa na kisingizio cha kukudai. Ukiirudisha, piga picha nambari iliyo mgongoni mwake na usitoke pale bila karatasi yenye muhuri au sahihi.

Wakinyamaza, peleka malalamiko Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Huko swali la kwanza litakuwa kama ulianza kwa kampuni yenyewe, na la pili ushahidi uko wapi. Simu sita bila nambari ya kumbukumbu ni upepo.

Kwani nikiacha tu kulipa kuna shida gani? – Mvivu wa Simu, South B

Kama ni huduma ya kulipia kabla, mfano king'amuzi cha runinga, acha tu, itazima yenyewe. Kama unatumia kwanza ndipo ulipe, deni linaendelea kukua ukiwa umelala.

Mama mkwe wangu anaishi Kayole. Akiweka kredo ya shilingi 50, asubuhi anakuta 40. Kila siku anatumiwa ujumbe wa utabiri wa nyota na hajui kusoma Kiingereza. Tumepiga simu tukaambiwa alijiunga mwenyewe. – Mkwe Mwenye Hasira

Hili nimelijibu mara tatu mwaka huu. Mara ya nne nitaomba mhariri anilipe zaidi.

Shilingi 10 kwa siku ni 3,650 kwa mwaka. Kwa mama wa Kayole hiyo si hela ndogo, na ndiyo sababu wanaofanya biashara hii wanapenda simu za wazee, maana mzee hajui "OK" aliyobonyeza ilikuwa ya nini. Chukua simu yake, ufungue ule ujumbe, utazame nambari fupi ulikotoka, kisha utume neno STOP kwa nambari hiyo hiyo. Usimtumie mtu mwingine wala usilitume kwa nambari uliyopewa na jirani. Halafu ingia kwenye menyu ya mtandao wenyewe, ile ya nyota na reli, utazame huduma zote alizounganishwa nazo. Nakuhakikishia hutakuta moja tu.

Kuhusu hilo la "alijiunga mwenyewe", waambie waonyeshe lini na vipi. Sheria ya kulinda watumiaji ya mwaka 2012 inasema wazi kwamba aliyepelekewa huduma asiyoiomba hana wajibu wa kuilipia. Na Katiba, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi huduma anayonunua. Utabiri wa nyota kwa Kiingereza kwa mtu asiyekisoma, sijui unampa habari gani.

Na hapa niwaonye, ingawa hamkuniuliza. Msiende Facebook kutafuta "nambari ya huduma kwa wateja". Nusu ya kurasa mtakazokuta ni za matapeli waliobandika nembo ya kampuni. Watakupokea haraka kuliko kampuni yenyewe, watakuita mama au kaka, watakuambia wanakuondoa sasa hivi, kisha watakuomba PIN ya M-Pesa "ili kuthibitisha". Hakuna kampuni inayohitaji PIN yako kwa lolote. Nimezika pesa za shangazi yangu kwa njia hii. Namaanisha nilikuwa nimekaa naye sebuleni, na sikumzuia kwa sababu nilikuwa natazama mpira.

Nambari ya bure ya kampuni ya… – Wengi

Iko nyuma ya bili yako.

Januari nilijiunga na jimu moja Westlands kwa mkataba wa mwaka. Nimekwenda mara tatu. Nikipiga simu kujitoa naambiwa ni meneja pekee anayeweza, na meneja yuko mkutanoni tangu Februari. – Tumbo Bado Lipo

Ndugu, mkutano wa kuanzia Februari ni bunge. Usiusubiri uishe.

Kwa mikataba ya namna hii, jimu zikiwemo, sheria ile ya 2012 inakupa siku 10 za kubadili mawazo bila kutoa sababu yoyote, zikihesabiwa tangu upate nakala yako ya maandishi. Mna siku hizo kumi na wengi wenu mnazimalizia mkinunua viatu vya kukimbilia. Wewe zimekupita. Lakini hebu nikuulize, nakala ya mkataba ulipewa? Si risiti ya M-Pesa, nakala yenyewe. Kama hukupewa, una la kusema, na useme kwa maandishi, ukimwandikia meneja kwa cheo chake. Kama ulipewa, soma sehemu ya kuvunja mkataba na uone notisi ni ya siku ngapi. Notisi huanza kuhesabiwa siku barua ilipofika, si siku meneja alipotoka mkutanoni. Sheria hiyo pia haitaki mkataba wa aina hii uzidi mwaka mmoja, kwa hiyo wakikuambia umejisajili kwa miaka miwili kwa bei nafuu, cheka.

Nilifuta malipo ya kila mwezi kwenye M-Pesa Ratiba. Sasa wananipigia wao kila siku! Si nimeshakata? – Nimechanganyikiwa, Rongai

Hapana. Ulichokata ni mfereji wa pesa. Mkataba uko palepale. Tangu Ratiba, ile huduma ya kupanga malipo yajirudie yenyewe, ianze Oktoba 2024 swali hili halinikauki, na ni lilelile la waliofuta kadi ya benki au kadi ya mtandaoni wakadhani wameaga. Andika ujitoe, kisha ufute malipo. Fuata mpangilio huo.

Na kama wanakupigia kukuuzia vingine, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kukataa habari zako zisitumike kwa matangazo. Kataa kwa maandishi. Wakiendelea, Kamishna wa Data anapokea malalamiko.

Kaka yangu yuko Texas, anasema kule unabonyeza mara moja tu umetoka. Kwa nini sisi tunazungushwa kama pia? – Mdogo Mtu, Kasarani

Kaka yako anakuringia. Marekani ndiko walikoufundisha ulimwengu mchezo huu. Julai 2014 mwandishi mmoja wa teknolojia, Ryan Block, alipiga simu kukata huduma ya Comcast, kampuni ya intaneti na runinga, akarekodi dakika nane hivi za mwisho na kuziweka mtandaoni. Ni dakika nane za mfanyakazi kumuuliza kwa nini, kwa nini, kwa nini unatuacha. Kampuni iliomba radhi. Mimi nilipoisikiliza niliitambua ile karatasi ya maneno mstari kwa mstari. Kijana yule hakuwa mwendawazimu, alikuwa anatafuta mshahara.

Oktoba 2024 tume yao ya biashara, FTC, ilipitisha kanuni kwamba kujitoa kuwe rahisi kama kujiunga. Julai 2025, siku chache kabla ianze kufanya kazi kikamilifu, mahakama ya rufaa ikaifuta kwa hitilafu ya utaratibu. Septemba mwaka huohuo Amazon ikakubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya tume hiyohiyo kuhusu Prime, uanachama wake wa kulipia, bila kukiri kosa. Katika mashtaka ilielezwa kwamba njia ya kujitoa iliitwa, ndani ya kampuni, "Iliad". Hilo ni jina la utenzi wa kale wa Wagiriki kuhusu vita virefu. Angalau wao walikuwa na ucheshi.

Kwenye kubonyeza mara moja mwambie kaka yako ahamie Ujerumani. Tangu Julai 2022 sheria kule inataka tovuti inayokuuzia mkataba iwe na kitufe cha kuuvunja.

Tulikuwa na kampuni ya kengele za ulinzi nyumbani, Lang'ata. Tulikata kwa simu, wakakubali, lakini wanakataa kurudisha amana ya shilingi 14,000. Wanadai "hakuna rekodi". – Mama wa Wawili

Pole, Mama. Rekodi wanayo. Kila ukiwapigia si unasikia sauti ikisema simu hii inarekodiwa? Waandikie uwatajie tarehe na saa ya simu ile, na udai waisikilize. Mara nyingi rekodi "hupatikana" baada ya barua ya namna hiyo. Siku nyingine ukilazimika kupiga, waambie mwanzoni kwamba na wewe unarekodi, utaona adabu inavyoongezeka.

Wakishikilia, usimlipe wakili kwa 14,000, atazila zote kwa kukuandikia barua. Nenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Ilifunguliwa mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unajisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Beba mkataba, risiti ya amana na nakala za barua. Kama huna barua, rudi juu usome nilichomwambia Aliyehama.

Je, ukiwafokea wanakukata haraka? – Mkali wa Eastleigh

La. Tukifokewa tulikuwa na ruhusa ya kukata simu, na nimeshawaeleza simu iliyokatika ilihesabiwaje.

Niliyemwogopa alikuwa bibi mmoja wa Uingereza. Nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikuwa zimetua Mombasa mwaka 2009, na sauti za wateja wa mbali zilitufikia Nairobi safi kama za watu waliokaa Nairobi West. Alikuwa anakata huduma ya marehemu mumewe. Nilimuuliza sababu, akasema: "Asante kijana, endelea tu kukata." Nikampa punguzo. "Asante kijana, endelea tu kukata." Nikampa mwezi wa bure, nikampa miwili, nikamwambia habari za kusimamisha kwa muda. Maneno yalikuwa yaleyale, sauti ileile, wala hakupumua kwa hasira. Mara ya saba nikajaza fomu. Msimamizi alinikata pointi siku hiyo. Kabla ya kuweka simu chini bibi aliniuliza kama nimekula mchana, na sikuwa nimekula.