Mume amenitelekeza: nikidai talaka nitakuwa nimetenda dhambi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Tulifunga ndoa kanisani. Mume wangu alikwenda mjini kutafuta maisha, sasa ni mwaka wa saba anaishi na mwanamke mwingine na wamezaa. Hatumi matumizi. Wazee wa kanisa wamemwita mara mbili, hakuja. Mama mkwe ananiambia nivumilie, Mungu anachukia kuachana. Nifanyeje?

JIBU: Amina, dada yangu. Pole sana.

Mama mkwe amenukuu Malaki 2:16, lakini mwombe aanzie mstari wa 14. Pale nabii anawakemea wanaume waliomtenda hiana "mke wa ujana" wao. Anayekemewa ni aliyeondoka. Ajabu ni kwamba siku hizi andiko hilo husomewa aliyeachwa.

Hata Mathayo 19 ni vivyo hivyo. Mafarisayo walimuuliza Yesu kama ni halali mtu kumwacha mkewe "kwa kila sababu". Walimu wa wakati ule walibishana juu ya Kumbukumbu la Torati 24: wafuasi wa mwalimu Shamai waliibana sana ruhusa ile ya talaka, wa Hileli wakaipanua hata kufikia mke aliyeharibu chakula. Yesu akawarudisha kwenye Mwanzo: mwili mmoja, "aliowaunganisha Mungu, mwanadamu asiwatenganishe." Talaka, akasema, ilitokana na ugumu wa mioyo. Hata hivyo akataja uasherati kuwa sababu ya pekee inayoruhusu talaka. Mumeo yumo humo miaka yote hii.

Paulo anaongeza, 1 Wakorintho 7:15, kwamba asiyeamini akiondoka, na aondoke, aliyebaki hafungiki. Utasema, "Lakini wangu amebatizwa." Kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Mimi naisoma pamoja na Mathayo 18:17: anayekataa kulisikiliza kanisa huhesabiwa kama mtu wa mataifa. Wazee wamemwita, amekaidi.

Kwa hiyo, kudai talaka katika hali yako sioni kuwa dhambi. Ndoa aliivunja yeye. Mahakama itathibitisha tu. Kwa hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kwanza mpite baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza likishindwa, litakupa hati ya kwenda nayo mahakamani. Nenda na nakala za barua za wito za wazee, na kama mna watoto, udai matunzo yao hapo hapo, usione haya.

Kuolewa tena ni suala jingine. Kanisa Katoliki halitambui talaka ya serikali kuwa imevunja ndoa halali; mahakama yake huchunguza kama ndoa ilikuwa halali tangu mwanzo. Makanisa mengi ya Kiprotestanti humruhusu aliyetelekezwa, baada ya kanisa kumhoji. Kwa hiyo kabla ya kumkubalia mtu yeyote posa, kaa na mchungaji wako. Na kama kuna anayekuzuia kushiriki meza ya Bwana kwa sababu tu umefungua shauri, mwambie akuonyeshe andiko.