Kabla hujampeleka mgonjwa wako Ocean Road

Wengi wanaonipigia kuhusu Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, huanza kwa kuuliza bei ya mionzi. Huwa nawaambia tuanze na chumba. Nilimuuguza mama mkubwa, aliyeletwa kutoka Njombe na saratani ya shingo ya kizazi, na kilichotuchosha mfukoni ni kuishi Dar es Salaam. Mionzi ya nje hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, dakika chache kwa siku, na kwa ugonjwa wa aina yake kawaida huchukua wiki tano hivi. Ndani ya wiki hizo kuna dripu za kemo, yaani dawa za saratani, halafu hufuata mionzi ya ndani, ambayo kifaa chake huingizwa mwilini kwa muda. Wengi hawalazwi kwa ajili ya dakika hizo. Wanatoka nyumbani asubuhi, wanarudi nyumbani mchana. Sasa mtu wa Njombe nyumbani kwake Dar ni wapi?

Halafu usizihesabu wiki tano kama zilivyo. Kabla ya kuanza kuna vipimo, kuna picha ya kupangia mionzi, kuna foleni. Ukishaanza, damu ikishuka au figo zikilalamika, kemo inaahirishwa. Kwa hiyo kama mnafikia kwa ndugu, usimwambie mwenye nyumba ni "siku mbili tatu". Mwambie miezi, aamue akijua. Ugomvi mwingi niliousikia kwenye mabenchi pale ulianzia kwenye hizo siku mbili tatu. Ukipanga chumba, tafuta mahali ambapo mgonjwa atafika bila kubadilisha magari mengi. Mwendokasi ya Kivukoni inasogeza karibu, ila usimpandishe saa ya watu kwenda kazini kama hawezi kusimama. Ukiweza kuwaomba wahudumu wampangie saa ya mchana, omba.

Watu wa Kanda ya Ziwa, ulizeni hospitali ya Bugando kwanza. Mionzi ipo Mwanza, na si kila mgonjwa wa huko analazimika kuvuka nchi nzima. Kwa mtoto njia ni nyingine kabisa: saratani za watoto zinatibiwa Muhimbili, ambako shirika la Tumaini la Maisha linashirikiana na hospitali ili wazazi wasibebe gharama ya matibabu.

Kuna ofisi moja ambayo watu huiendea wakiwa wameshakwama: ustawi wa jamii. Nenda siku za mwanzo, hata kama bado una hela. Afisa akiijua familia yenu mapema, anaelewa mambo yakigeuka katikati ya tiba, na mara nyingi ndiye anayejua wapi wagonjwa wa mikoani wanapata pa kujihifadhi. Beba barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa kutoka kwenu, kwa sababu ukiombwa uthibitisho wa hali ya familia ukiwa Dar, kumpata mtendaji kwa simu ni kazi ya siku nzima. Barua hiyo ikae kwenye bahasha moja na rufaa, majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa, picha za vipimo, kitambulisho cha NIDA na kadi ya bima kama ipo. Bahasha ishikwe na mtu mmoja.

Sasa hili ni la kaka zangu mnaouguza. Mama mkubwa ni mama. Mbele yangu hakuwahi kutamka kwamba anatokwa na damu, wala kwamba haja ndogo inamchoma tangu mionzi ianze. Akiulizwa na daktari nikiwa nimekaa pembeni, anajibu "sijambo, mwanangu", anatazama chini. Dada yangu alipokuja kuingia naye chumba cha daktari, yalitoka mambo ambayo mimi nisingeyasikia mwaka mzima, na dawa zikabadilishwa siku hiyohiyo. Mwanamume anaweza kubeba mafaili, kulipa, kukimbia maabara, kuchangia damu. Lakini kwa ugonjwa wa sehemu hizo atafutwe mwanamke wa kukaa naye, awe binti, wifi au hata jirani anayemwamini. Mpangieni na nauli. Asiwe mtu wa kuja kusalimia tu.

Nyumbani mengine ni madogo. Alama anazochorwa mwilini asizisugue zikafutika. Ngozi ya pale isipakwe mafuta wala krimu bila wataalamu kuruhusu. Na shangazi anayewazuia wajukuu wasimsogelee bibi kwa sababu "ana mionzi" aambiwe kwa upole kwamba mionzi ya nje haibaki mwilini. Bibi anakula nao sahani moja, anawapakata.

Maumivu yakizidi, mtaelekezwa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa, na hapo ndugu wengi hunyong'onyea wakidhani mgonjwa ameshakatiwa tamaa. Tiba shufaa hutolewa hata kwa mtu anayeendelea na mionzi. Morfini ya maji humfanya alale na ale, na mtu asiyelala wala kula hawezi kumaliza tiba. Inywewe kwa saa alizopanga daktari, asisubiri mpaka aumie, na mwulize daktari dawa ya kulainisha choo siku ileile, kwa kuwa morfini hufunga choo kweli. Woga wa kwamba atakuwa teja ndio unaowafanya wazee wetu wavumilie maumivu yasiyo na sababu. Ikitumika kwa maumivu, kwa kipimo alichoandika daktari, msiwe na hofu hiyo.

Kabla ya kukata tiketi ya basi la kurudi, omba karatasi inayoeleza alichotibiwa, dawa anazoendelea nazo na tarehe ya kliniki. Kama anatumia morfini, uliza wazi ni hospitali gani ya mkoani kwenu inayoitoa, kwa sababu duka la dawa la mtaani halikuuzii. Swali hilo liulizwe ukiwa bado Dar, chupa ikiwa bado imejaa.