Thuraya: jina lenye kilimia ndani yake

Ukitaka kumpa binti jina la Kiarabu ambalo halitaitikiwa na watoto watano darasani, Thuraya ni jina zuri mno. Ila lina mtego kwenye herufi zake, na mtego huo hunasa zaidi huku kwetu Lindi na Mtwara.

Tuanze na maana. Thuraya ni jina la kundi la nyota ambalo Waswahili tunaliita kilimia. Macho ya kawaida huhesabu sita, zimebanana mahali pamoja, japo kundi zima lina nyota zaidi ya elfu moja. Neno limetoka kwenye tharwa, yaani mali nyingi, na umbo lake kwa Kiarabu ni la kudogosha: wingi uliokusanyika padogo. Ndiyo maana orodha nyingi za majina huandika tu "Thuraya: tajiri". Huo ni mzizi wa neno. Anayeitwa Thuraya ameitwa kwa nyota. Wairani husema Soraya, Waturuki Süreyya, na jina ni lilelile. Zuhura ni jina jingine kabisa. Hiyo ni sayari, na iko peke yake.

Wengine huuliza kama jina limo kwenye Qurani. Neno lenyewe halimo. Aya ya kwanza ya Surat Najm inaapa kwa nyota inapotua, na Mujahid, miongoni mwa wafasiri wa mwanzo, alisema nyota hiyo ni Thuraya. Katika hadithi iliyomo kwa Bukhari, Mtume (s.a.w.) anaitaja Thuraya kwa jina.

Neno letu la kilimia limetoka kwenye kulima. Wazulu nao huziita isiLimela, mzizi ule ule. Wahenga walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa mkulima wa Kusini, mwenye msimu mmoja wa mvua, hesabu hii iko wazi. Mwishoni mwa Novemba, giza likiingia, kilimia kinachomoza mashariki, na wenye mashamba wako kwenye maandalizi. Mwishoni mwa Aprili kinazama magharibi mara tu baada ya jua, mvua zikiwa ukingoni. Kisha hupotea wiki kadhaa, kwa kuwa jua liko upande huohuo wa anga, na mnamo Juni huzuka alfajiri, wakati wa kiangazi. Kwa hiyo bibi wa Newala ambaye hajui Kiarabu hata neno moja anaweza kuelezwa jina la mjukuu wake akalielewa papo hapo.

Sasa huo mtego. Sauti ya "th" ni ile ya thelathini na thamani. Kimakonde, Kimwera na Kiyao havina sauti hiyo, hivyo wengi watatamka "Suraya". Kwa mdomo hakuna ubaya. Balaa huja karani anapoandika alichosikia: Suraya, Surea, mwisho Suria. Na suria kwa Kiswahili ni mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake. Kwenye pwani ambayo Kilwa Kivinje na Mikindani zilikuwa bandari za watumwa, hilo si kosa dogo la herufi. Wapo pia wanaoandika Dhuria, ambalo ni neno jingine tena: kizazi.

Kwa hiyo, usilitaje jina tu. Liandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, THURAYA, umkabidhi mwandishi. Likague kwenye kadi ya kliniki na kwenye tangazo la kizazi kabla hujaondoka dirishani. Sajili ndani ya siku 90, kisha cheti kikitoka kisome herufi kwa herufi ukiwa bado umesimama pale. Kurekebisha siku hiyo ni dakika chache. Kurekebisha baadaye ni viapo, ada na safari. Ukaguzi wa pili ni kabla ya usajili wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, maana jina litakaloingia pale ndilo litakalomfuata hadi kwenye kitambulisho cha taifa. Na kama kwenu binti hupewa jina jipya baada ya unyago, libaki la nyumbani. Usilipeleke shuleni.

Akifika miaka mitano au sita, mwonyeshe jina lake. Chagua usiku wa Desemba usio na mawingu wala mbalamwezi, saa mbili hivi, mbali na taa za mji. Ufukwe wa Msimbati unafaa sana. Geukeni mashariki. Tafuteni nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, kisha pandeni juu kushoto hadi nyota moja yenye wekundu. Endeleeni njia hiyohiyo kidogo tu, mtaona kitu kama kiwingu cha nyota ndogo. Asikikazie macho, atazame pembeni yake kidogo, zitajitokeza nyingi zaidi. Kisha mwache azihesabu mwenyewe.