Fataki na baruti za .30-06: fikiria joto la Dodoma kwanza

Mkuu uliyeuliza kutoka Kisasa, Dodoma: una bunduki ya .30-06 yenye leseni, unataka kuanza kujaza risasi mwenyewe, yaani kuunda risasi kwa kuweka fataki, baruti na kichwa kwenye ganda, na hujui ushike fataki ipi (kile kikopo kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti) na baruti ipi. Suala la kibali limalize polisi kabla hujanunua chochote. Leseni ya kumiliki bunduki si ruhusa ya kutengeneza risasi.

Baada ya hapo anza na baruti, fataki itafuata. Nimefanya kazi ya uwindaji bingwa miaka mingi upande wa mapori ya akiba ya Rungwa na Kizigo, na wageni kadhaa huja na risasi walizojaza wenyewe kwao. Julai alfajiri hazina neno. Lakini Oktoba saa nane mchana, zikiwa zimeshinda juani kwenye dashibodi ya Land Cruiser, bolti, ile komeo ya chuma inayofunga ganda ndani ya bunduki, inagoma kuinuka mpaka uigonge kwa kiganja. Okota lile ganda ulitazame: fataki imelala bapa, imejaa tundu lake mpaka kingoni, na kwenye kitako kuna alama inayong'aa pale shaba ilipokamuliwa ikaingia kwenye tundu la ejekta, kipini kinachorusha ganda nje. Hiyo ni presha imepita kiasi. Baruti ikipata joto huungua kwa kasi zaidi, na mwenye risasi aliipima kwenye baridi ya kwao, tena karibu kabisa na kiwango cha mwisho.

Ndiyo maana nasema chukua baruti isiyoyumba sana kwa joto. H4350 ya Hodgdon, inayotengenezwa Australia, inafaa .30-06, na ukija kupata bunduki kubwa ya .375 H&H utaitumia pia. Zile zenye nitroglicerini zina nguvu, ila nyingi hubadilika zaidi jua likiwaka, na kwa huku kwetu sizipendi.

H4350 ni ya vijiti vidogo na inashika moto bila shida, kwa hiyo fataki kubwa ya bunduki ya kawaida (large rifle) inatosha. Fataki ya magnum, yenye moto mkali zaidi, waachie wenye maganda makubwa na baruti za punje za mviringo, ambazo ni nzito kuwaka. Usiiweke kwa kudhani ndiyo salama zaidi, maana inaweza kuongeza presha. Ukibadilisha fataki, hata kama umebadilisha kampuni tu, rudi chini upime upya: asilimia 10 chini ya kiwango cha juu cha jedwali la mtengenezaji, kisha panda kidogo kidogo. Jaribio la mwisho lifanye mchana wa Oktoba au Novemba, usilifanye Juni.

Fataki ikishakaa, pitisha kidole kwenye kitako. Inatakiwa iwe chini kidogo ya uso wa ganda, na risasi ambayo fataki yake imechomoza usiifyatue.

Baruti ibaki kwenye kopo lake la kiwandani. Kopo lisilo na lebo, hata akupe rafiki anayeapa anaijua, usilitumie.