Miaka ya foleni: mnauliza, najibu

Maswali kuhusu kuporomoka kwa uchumi wa Tanzania kati ya 1979 na 1986 yamekuwa mengi. Wengi wanaouliza hawakuwa wamezaliwa, na wanauliza kwa hamu ya kweli. Sitaki kuwajibu nusunusu, kwa hiyo nimechagua machache.

Shikamoo. Babu anasema uchumi uliuawa na vita vya Idi Amin, mwalimu wetu anasema ni bei ya mafuta. Nimwamini nani? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Songea)

Marahaba, mwanangu. Waamini wote wawili, ila wameanza kusimulia katikati. Mafuta yalipanda karibu mara nne 1973 na 1974, na wakati huohuo ukame ukatulazimisha kuagiza nafaka kwa dola. Kisha ikaja ahueni ambayo hatukuitolea jasho: baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil 1975, kahawa ikapanda bei duniani, tukaneemeka. Serikali ilipoona fedha za kigeni zimejaa ikalegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na kabla 1978 haujaisha akiba ilikuwa imekauka. Hapo ndipo majeshi ya Amin yalipovuka mpaka, Oktoba, na kuteka eneo la Kagera.

Kampala ilianguka Aprili 1979. Gharama ya vita inakadiriwa kufika dola milioni 500 za Marekani, na mwaka huohuo mafuta yakapanda tena. Tena Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, tukalazimika kuanzisha shirika letu la ndege, reli yetu na posta yetu.

Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Walikubali, maana vita vile waliviona ni vya haki. Miezi 18 ikapita, hali ikazidi kuwa mbaya. Kama tatizo lingekuwa vita peke yake, tungeanza kupumua 1981. Hatukupumua, kwa sababu dola zetu zilitoka shambani, na mkulima alikuwa ameshavunjwa moyo miaka kadhaa kabla ya risasi ya kwanza.

Sisi wa Kusini tunaambiwa korosho ilikufa kwa ugonjwa. Ni kweli? (Msomaji, Masasi)

Ugonjwa ulikuwepo. Ubwiriunga, yaani ugonjwa wa ukungu, ulienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, maua yakakauka kabla ya kutunga. Lakini angalia tarakimu: msimu wa 1973/74 nchi ilikusanya tani 145,000 hivi, msimu wa 1986/87 zilikuwa tani 17,000 tu. Ukungu peke yake haufanyi kazi hiyo.

Mkorosho unataka mtu chini yake. Lazima palimwe na kufyekwa kabla korosho hazijaanza kudondoka, la sivyo zinapotelea majanini, na moto wa kiangazi ukipita unaondoka na miti yenyewe. Sasa fikiria familia iliyohamishiwa kijijini wakati wa operesheni ya vijiji, 1973 na 1974, ikaacha mikorosho yake mwendo wa saa mbili au tatu kwa miguu. Mwaka wa kwanza watakwenda. Mwaka wa pili atakwenda baba peke yake. Na wakati huo sehemu ya bei ya dunia inayomfikia mkulima inazidi kupungua. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa, mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali, zenye magari mabovu na malipo ya kuchelewa. Hata akilipwa, dukani hakuna khanga wala jembe la kununua, kwa sababu Operesheni Maduka ya mwaka huohuo ilikuwa imefunga maduka mengi ya watu binafsi vijijini. Kwa nini aende kufyeka?

Linaloniuma zaidi ni viwanda. Tulikopa, sehemu kubwa kutoka Benki ya Dunia, tukajenga viwanda 12 vya kubangua, vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Vilipokamilika korosho za kuvilisha hazikuwepo, na vingi vikafungwa. Deni lilibaki, na lililipwa kwa dola.

Mama anasema hela alikuwa nayo lakini sabuni hakuna. Inawezekanaje? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Mama yako anasema kweli tupu. Sabuni ilitengenezwa hapahapa, lakini malighafi, vipuri na mafuta ya kuendeshea mitambo vilitoka nje. Dola zilipokosekana, viwanda vingi vikafanya kazi kwa theluthi ya uwezo wake au chini ya hapo. Upande wa pili, mashirika ya umma yaliyokuwa yanapata hasara yaliendelea kukopeshwa na benki ili yalipe mishahara. Noti zikaongezeka huku bidhaa zikipungua. Katikati ya miaka hiyo mfumuko wa bei ulikaribia asilimia 30 kwa mwaka.

Bei nazo zilipangwa na serikali. Mche wa sabuni ulitoka kiwandani kwenda RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, kwa bei rasmi ambayo kila mtu alijua ni ndogo. Aliyekuwa na kibali, au ndugu mwenye kibali, aliuchukua mlango wa nyuma na kuuza kwa bei ya kulangua. Mlango wa mbele ilibaki foleni. Watu waliamka alfajiri wakapanga mawe na vikapu kushika nafasi, wakaenda kazini, wakarudi, wakaambiwa sukari imekwisha.

Kenya nako mafuta yalipanda. Mbona hatukufika huko? (Msomaji, Mombasa)

Mliumia pia, ila wakulima wenu wa kahawa na chai walipata sehemu kubwa zaidi ya bei ya dunia, na maduka hayakufungwa. Mpaka wetu tuliufunga 1977, ukafunguliwa tena Novemba 1983. Magendo hayakuusubiri: kahawa yetu ilipanda kwenda kwenu, dawa ya meno na mafuta ya kupikia vikashuka.

Vita vya uhujumu uchumi vya Sokoine vilisaidia? (Msomaji, Dodoma)

Edward Sokoine, Waziri Mkuu wa wakati huo aliyeongoza msako wa walanguzi, alikuwa mtu safi, na wananchi walimpenda kwa sababu aliwagusa wakubwa. Zaidi ya watu elfu moja walikamatwa 1983. Lakini sheria ya kwanza iliwanyima watuhumiwa dhamana na mawakili, na hilo siwezi kulitetea. Wenye bidhaa walizificha, wengine wakazitupa porini na majini kwa hofu, kwa hiyo kwa muda uhaba ulizidi. Mlanguzi alizaliwa na uhaba. Kumfunga hakukuleta dola moja. Ikafuata Nguvukazi, watu wasio na ajira rasmi wakakamatwa mijini na kupelekwa mashambani, wakati vibarua vyao ndivyo vilivyokuwa vinalisha nyumba.

Kama mshahara haukutosha, watu waliishije? (Msomaji, Mwanza)

Waliishi kwa mradi. Mshahara wa karani uliisha wiki ya kwanza. Kilichobaki cha mwezi kilibebwa na vitumbua, kuku wa mayai, ubuyu, barafu za watoto. Waliokuwa wanaamka saa kumi kuwasha jiko walikuwa kina mama zaidi, na naomba hili liandikwe vizuri kwenye historia yetu, kwa sababu mara nyingi inawataja mawaziri peke yao. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai: unayaponda, unayasugua kwenye kitambaa, yanatoa kapovu kidogo. Unga wa mahindi ya manjano ya msaada tuliuita unga wa Yanga. Tuliula kwa kukosa mwingine. Dar es Salaam mabasi ya UDA, shirika la umma la usafiri wa jiji, yalikufa kwa kukosa vipuri, watu wakapanda magari ya wizi, yaani yaliyobeba abiria bila ruhusa, mpaka 1983, serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi.

Yaliishaje, na nani alilipa? (Msomaji, Arusha)

Yaliisha polepole. Mzozo na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu masharti ya mkopo wake ulianza 1979, na waziri wa fedha Edwin Mtei akajiuzulu mwaka huo. Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi, na madukani ikaanza kuonekana rangi. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, makubaliano na Shirika yalitiwa saini, na dola iliyokuwa shilingi 17 hivi ikawa 40. Sukari ikapatikana. Mwenye mshahara akaiangalia tu.

Mageuzi yalihitajika, nasema hivyo bila kusita. Lakini mzigo ulimwelemea asiye na sauti. Watoto walioandikishwa shule za msingi, zaidi ya asilimia 90 mwanzoni mwa miaka ya 1980, walikuwa chini ya 80 muongo uliofuata. Ada ya sekondari ilirudishwa kati ya 1984 na 1985. Vijana kutoka Lindi na Mtwara walikuja Dar es Salaam kutembeza mashati na vioo barabarani, maana nyumbani korosho haikulipa tena. Na walimu, ambao mshahara wao haukununua hata gunia la mchele, walianza kufundisha tuisheni jioni kwa watoto wenye uwezo wa kulipa.