Maswali ya Wasomaji: Ukiitwa "Mama" na Usiyemjua

SWALI: Nina miaka 33 na sijajaliwa mtoto. Kila nikipanda daladala za Mbagala, makonda wananiita mama: "Mama sogea", "Mama nauli hiyo". Siku hizi hata vijana wa dukani wananipa shikamoo. Inaniuma. Niwakatize? (Msomaji wa kike, Temeke)

JIBU: Maumivu yako ni ya haki, na wanawake wengi wa umri wako wanayo, hasa wale ambao jambo la mtoto ni kidonda. Ila konda hana muda wa kukuchunguza. Watu wanagombea mlango, naye anaangalia vitu vichache kwa mpigo: kitenge, mtandio, kapu la sokoni, umbo. Ndiyo maana mwanamke yule yule asubuhi, akiwa na suruali ya jinzi, ni "sista", na jioni, akirudi sokoni kajifunga kanga, ni "mama".

Halafu anapiga hesabu ya usalama. Akimwita mtu mzima "dada", ataambiwa hana adabu. Akimwita dada "mama", anaona hakuna kilichoharibika. Kimeharibika, ila gharama unaibeba wewe.

Kumrekebisha inawezekana. Usipaze sauti akiwa mlangoni. Subiri afike kwako kuchukua nauli, mpe hela, kisha useme taratibu: "Niite dada tu, mdogo wangu." Hilo "mdogo wangu" usiliache, maana ndilo linalomwonyesha kwamba huna ugomvi naye, na papo hapo linakuweka kwenye nafasi ya dada mkubwa. Usithubutu kusema "mimi siyo mama yako". Basi likiwa limejaa, abiria watalidaka, na utalisikia hadi kituo cha Rangi Tatu.

Shikamoo tuitenge. Ukipewa, itikia "marahaba", hata kama aliyekupa unamzidi miaka mitano tu. Kijana amefundishwa nyumbani kuamkia, na ukimkatalia mbele za watu unamwaibisha kwa jambo jema. Itikia kwanza, kisha uongeze: "Marahaba, hujambo? Mimi ni dada yako tu." Kesho atakuja na "shikamoo dada", salamu ambayo kwa maoni yetu ni nzuri kuliko zote kwa mtu usiyejua umri wake. Heshima imo yote, na mambo yake ya nyumbani hayajaguswa.

SWALI: Nauza nguo Kariakoo, Mtaa wa Congo. Nawaita wateja "mpenzi", "mrembo", "tajiri yangu", kama wenzangu wote. Wengine wanacheka, wengine wananuna na kupita. Nakosea wapi? (Muuzaji, Kariakoo)

JIBU: Unakosea mahali pa kuanzia. "Mpenzi" kwa mtu aliyekwisha kununua kwako mara kadhaa ni utani wa biashara. Kwa mgeni, tena aliyeongozana na mume au mkwewe, ni fedheha, na hata kama nguo ameipenda, hawezi kusimama. "Tajiri" nalo lina hasara yake: mteja anajua bei itapanda.

Fanya hivi. Subiri macho yenu yakutane, maana kumwita mtu aliyekupa kisogo kunamfanya aongeze mwendo. Sema "Karibu dada" au "Karibu kaka". Anayeonekana mtu mzima, tanguliza shikamoo. Kisha nyamaza kidogo umwache aguse kitambaa. Mkono wake usiushike kabisa. Wapo wateja wanaoikwepa mitaa fulani kwa sababu ya kuvutwa mikono, na hapo ungeita jina zuri namna gani lisingesaidia.

Tena, angalia akiuliza bei kisha asinunue. Kijana aliyekuwa anasema "karibu mrembo" akigeuza na kusema "kama huna hela usisumbue", mteja anajua kuwa ile heshima ilikuwa chambo. Mwambie "Karibu tena dada" kwa sauti ile ile. Anayerudi ni huyo.

SWALI: Mama yangu ana miaka 62. Dereva wa bajaji alimwita "bibi", akakasirika siku nzima. Si kweli ana wajukuu? (Kijana, Tabata)

JIBU: Anao, na wajukuu ndio wenye ruhusa hiyo. Kwa mgeni, "mama" inatosha hadi mwenyewe ajiite bibi. Kwa wanaume ni afadhali kidogo, kwa sababu "mzee" hubeba pia maana ya mkubwa wa kazi, na wapo wa miaka 40 wanaofurahi kuitwa hivyo. "Babu" iache.

SWALI: Napiga simu kwa wateja wa ofisi yetu. Sauti siitambui umri, majina mengine siyaelewi kama ni ya kike au ya kiume. Nitumie nini? (Mfanyakazi, Mikocheni)

JIBU: Sauti hudanganya, hivyo usikisie. Kosa kubwa zaidi ni kupiga simu na kuuliza "Naongea na nani?" Uliyepiga ni wewe, jitambulishe kwanza: "Habari za saa hizi. Naitwa fulani, napiga kutoka ofisi fulani. Naomba kuongea na…" kisha jina lake lote. Akishaitikia, muulize: "Ungependa nikuite nani?" Wengi watajibu mara moja, na jibu liandike kwenye faili ili mwenzako asirudie kuuliza.

Kwenye barua, andika "Ndugu". Lilienea sana zama za Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la 1967, na ndani ya CCM bado wanaitana hivyo, lakini huhitaji kuwa mwanachama kulitumia. Halichagui mwanamke wala mwanamume, halisemi nani kaolewa, wala halitaji umri. Ukishajua ni mwanamke, "Bi." na jina lake ni sawa, awe ameolewa au la. "Mheshimiwa" waachie wabunge na wenye vyeo vyao. Mteja wa kawaida akiitwa hivyo hudhani anadaiwa.